Asizikwe Kimya

Miaka kumi na mbili nimeishi Birmingham. Nimeulizwa viza, nimeulizwa chanjo, nimeulizwa kama najua kuendesha gari, nimeulizwa mara mia kama kwetu kuna simba. Hakuna aliyewahi kuniuliza kabila langu. Kwa hiyo siku nilipoulizwa, tena na mzee wa Kizungu aliyekuwa na kitambaa cha kulia shingoni na uji kidevuni, nilidhani sikusikia vizuri.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kwenye nyumba ya mapadri wastaafu. Kazi yangu ni kutunza wazee, na kabla ya hapo nilikuwa nimetunza wa kila aina: mwanajeshi aliyenipigia saluti kila nilipomletea dawa, na bibi mmoja aliyeamini kwamba namwibia soksi za mguu wa kushoto tu. Mapadri nilikuwa sijawajaribu. Nyumba yao iko mabasi mawili kutoka kwangu Saltley, na wote waliokuwemo walikuwa wamemaliza maisha yao ya kazi Afrika, wengi wao kusini huko, Zambia na Malawi. Walirudi na viuno vibovu, redio ndogo, na tabia ya kula embe kwa kisu kama wanachuna ngozi.

"Unatoka wapi?" aliniuliza yule mzee, kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha Tunduma, cha mpakani, cha kununulia mafuta ya taa na kugombana na makuli, lakini kilisimama.

"Tanzania, Padri."

"Tanzania kubwa. Wapi?"

"Songea."

Kijiko kikasimama hewani. "Kabila?"

"Mngoni."

Akaweka kijiko chini polepole. Akaitazama dari, akaunganisha mikono, nikajua sasa anasali. Kisha akanigeukia. "Mimi Mbemba," akasema. "Na uji wa mla panya sili."

Wenye watani watanielewa. Kwa wasio nao niseme tu kwamba babu zetu Wangoni walipanda kutoka kusini kabisa, wakavuka Zambezi, wakipigana na kila waliyemkuta, na baadhi yao walikutana na Wabemba wa Zambia, wakapigana nao mpaka wakachoshana. Waliopigana vizuri hivyo hawawezi tena kuchukiana, hivyo wakabaki watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na usikasirike. Anaweza kuingia jikoni kwako na kuondoka na kuku. Wangoni wa kwetu watani wao wa jirani ni Wahehe, na Wabemba nilikuwa nawasikia kwenye hadithi tu, lakini utani haujali ramani. Ulimi wangu ulijibu kabla kichwa hakijaruhusu.

"Basi kaombe uji kwa nyani," nikasema. "Ah, nimesahau. Umeshawala wote."

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa nitakuwa nimemuua padri wiki ya kwanza. Kisha akaula uji wote.

Tangu siku hiyo tulikuwa hatuna simile. Nikiingia asubuhi namsalimia vizuri, "Tumsifu Yesu Kristo," naye anajibu, "Milele amina," na salamu ikishakwisha tu vita vinaanza. Nimechelewa kwa sababu nilisimama njiani kuwinda panya. Suruali yake haimtoshi kwa sababu mkia umeota tena. Mle ndani alikuwa mtu wa heshima, mzee kuliko wote, mwenye macho ya bluu yaliyofifia na kofia ya sufu ya kijivu aliyoivaa hata Julai. Wengine walimwita kwa jina na sauti ya chini. Mimi nilimwita mla nyani, na ninaapa uso wake ulinyooka kila nilipomwita.

Kosa letu lilikuwa kutania kwa Kiingereza. Siku moja wakati wa chakula cha mchana, mbele ya wageni wawili wa parokiani, Padri alipaza sauti akaniuliza kama nyama ile ilikuwa na mkia mrefu au mfupi, maana anajua Wangoni tunavyopenda panya. Nami nikamjibu, kwa Kiingereza safi, jambo kuhusu nyani na ukoo wake. Uma zote ziligota. Mgeni mmoja, mama mwenye mkufu wa lulu, alinitazama kwa huruma kubwa sana, kisha akamtazama Padri kwa namna nyingine kabisa.

Kesho yake tukaitwa ofisini, wote wawili. Mkuu wa nyumba, naye padri, mrefu, mpole, mtu wa kupanga kalamu mezani kwa urefu, alikuwa na fomu mbili mbele yake. Moja ilikuwa ya kuuliza kama mimi nimebaguliwa na mzee ninayemtunza. Ya pili ilikuwa ya kuuliza kama mzee ninayemtunza amenyanyaswa na mimi. Aliniuliza kwa upole kama najisikia salama.

"Salama na nani?" nikauliza.

Padri, kwenye kiti chake cha magurudumu, alikuwa anatazama dirishani mabega yakimtikisika. Nilieleza utani kwa nusu saa. Nilieleza vita, Zambezi, Wahehe, kuku. Mkuu wa nyumba aliandika yote, maskini, na mwisho akasema anauheshimu sana utamaduni wetu, ila pale ni mahali pa kazi. Nikatia saini karatasi kwamba sitatumia tena lugha ya matusi mahali pa kazi, na kwamba nikirudia hatua zitachukuliwa. Padri naye alitakiwa kutia saini yake. Alitia, akanirudishia kalamu, akaninong'oneza kwa Kiswahili niinuse kama imepitiwa na panya.

Tukahamia Kiswahili basi, na siku zangu za mapumziko nikawa namtoa nje. Yeye alizaliwa hapa hapa, Small Heath. Baba yake alikuwa fundi kwenye kiwanda cha baiskeli, na Padri alipenda kusema kwamba baba alizitengeneza, mwana akaenda kuzipanda mpaka zikaisha. Nilikuwa namsukuma kwenye Coventry Road, kati ya maduka ya Wasomali na Wapakistani, yeye akiwasalimia wote kwa Kibemba, nao wakimjibu kwa lugha zao, na hakuna aliyeona ajabu. Alinionyesha nyumba waliyozaliwa yeye na mdogo wake wa kike. Sasa kuna familia ya Kisomali, na mlangoni siku hiyo palikuwa na viatu kama jozi kumi. Alivihesabu kwa furaha. Alisema alipokuwa mtoto mtaa ule ulikuwa kimya mpaka unasikia saa ya jirani, na kwamba yeye kimya hakipendi.

Mara nyingi tulimalizia kwenye mkahawa wa Balsall Heath, yeye akichovya mkate kwenye mchuzi mwekundu huku akinisimulia umisionari. Nilitaka hasa kujua, kwa sababu mimi nimelelewa na umisionari kama wengine walivyolelewa na shangazi. Shule yangu ya misheni, hospitali niliyozaliwa ya misheni, hata mdundo wa cherehani ya mama yangu ulifundishwa na masista. Lakini tuliwaona kutoka chini, sisi. Nilitaka kusikia ilikuwaje kutoka juu ya pikipiki.

"Kazi ile," aliniambia, "nusu ni katekista na baiskeli yake. Robo ni malaria. Inayobaki ndiyo padri."

Shirika lao lilikuwa na sheria zake. Hawakuruhusiwa kuishi kituoni pungufu ya watatu, ili mmoja akichanganyikiwa wabaki wawili wa kumshika. Miezi sita ya kwanza kazi ni kujifunza lugha tu, hakuna kuhubiri, hakuna kutoa ushauri, funga mdomo sikiliza. Na kila jioni mmoja wao aliandika shajara ya kituo: nani amebatizwa, nani ameumwa na nyoka, mvua imenyesha kiasi gani. Shajara zile zote zilihifadhiwa, na zipo mpaka leo kwenye makabati ya shirika lao, wanafunzi wa vyuo wanakwenda kuzisoma. Padri alijivunia kila kitu katika maisha yale isipokuwa mstari mmoja aliouandika mwenyewe kwenye shajara. Mstari huo alinieleza mwezi wa kumi na moja, siku niliyokuwa namnyoa.

Alikuwa amemaliza miezi yake sita, Misa bado ya Kilatini, Zambia ndiyo kwanza inapata bendera. Akatumwa kuzika mzee mmoja wa Kibemba, mkristo wa zamani, kijiji cha mbali. Alifika na kitabu chake na maji ya baraka, akiwa amevaa kanzu nyeupe, akakuta ndani ya kaburi kuna mwanamke. Amelala chali kwenye mkeka, amevaa kofia ya marehemu kinyumenyume, anakoroma kwa sauti. Akainuka, akaanza kutembea mle kaburini akichechemea kama marehemu alivyokuwa akichechemea, akimtukana: mvivu wewe, mla nyani wewe, hata kufa umekufa msimu wa kulima ili usishike jembe. Watu wanacheka huku wanalia. Mjane anacheka.

Padri kijana akakasirika. Akamwamuru mwanamke atoke. Mwanamke akamjibu: huyu hashuki mpaka jamaa zake wanijibu. Padri akamshika mkono akamvuta, akamtoa mbele ya watu wote, akamfukuza. Kisha akasoma sala zake zote vizuri, kwa Kilatini, watu wakiwa kimya kabisa. Alifurahi jinsi walivyokuwa kimya. Jioni akaandika kwenye shajara: nimemfukuza mwanamke mlevi kaburini.

"Hakuwa mlevi," Padri akaniambia. Povu la sabuni lilikuwa bado shavuni. "Nilikuwa najua kila neno alilosema. Sikujua alichokuwa anafanya."

Katekista ndiye aliyemfumbua macho, wiki tatu baadaye, kijiji chote kilipokuwa hakijakanyaga kanisani. Mwanamke yule alikuwa Mngoni, mke wa mwashi aliyetoka mashariki ya nchi. Ndiye alikuwa mtani pekee wa marehemu kwa siku nzima ya mwendo, na alitembea siku hiyo nzima kuja kumzika. Padri, katekista akamwambia, yule mzee umemzika kama mtu asiye na kwao.

Akaenda kumwomba radhi, kwa baiskeli. Alimkuta anapepeta mahindi. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, akapepeta tena kidogo, akasema: "Mimi nimekusamehe. Ila siku yako ikifika, wewe utazikwa kimya." Kisha akacheka, akampa maji ya kunywa, na akaongeza kwamba kama hataki, ajitafutie Mngoni.

Nilimaliza kumnyoa. Nilikuwa namfikiria bibi yangu. Kwetu Songea mapadri wa zamani, wale wa ndevu ndefu, nao walipiga marufuku utani msibani, wakasema ni upagani. Bibi alikuwa mwanachama wa kila chama cha kanisa, na hakuwahi kubishana nao hata siku moja. Watu walisimama kaburini wameinamisha vichwa, wakaitikia sala zote, padri akapanda pikipiki akaenda zake kula. Vumbi la pikipiki likishatulia, ndipo mazishi yanaanza. Sisi tulicheza mbali na padri. Mwanamke yule wa Zambia hakusubiri vumbi, na nilimwonea fahari kama vile ni shangazi yangu.

"Nimewazika watu mia nyingi baada ya hapo," Padri akasema, "na kila mara niliuliza kwanza mtani yuko wapi. Kosa nililirekebisha kwa wote, kasoro mimi mwenyewe. Hapa watanizika vizuri sana. Unajua wanavyozika hapa."

Nilijua. Nimekwenda mazishi ya wazee wangu kadhaa hapa. Watu wanakuja kwa saa, wanaimba wimbo mmoja wakijizuia, wanakohoa, wanasema hali ya hewa imewasaidia.

"Naogopa," akasema, hivyo hivyo, kama mtu anayesema ana kiu. Sikuwahi kumsikia akiogopa kitu. Akavua kofia yake ya sufu, akanipa, akaniambia niiweke kwangu na nisiifue.

"Mbele ya mkuu wa nyumba?" nikauliza. "Nilitia saini."

"Mngoni anaogopa karatasi?"

Nikamwahidi. Nikamwahidi na kanuni yake nyingine pia, ambayo kila mtani anaijua: mtani halii. Jamaa ndio wanaolia. Mtani akilia, hana tofauti na mtu mwingine yeyote, na kazi imeharibika.

Alikufa mwezi wa pili, mchana, redio ikiwa inasoma matokeo ya mpira. Nilikuwa nimemshika mkono wa kulia. Sitasema zaidi, isipokuwa kwamba jina la mwisho alilonipa lilikuwa mla panya, na hakuwa na nguvu ya kutoa sauti lakini midomo niliisoma.

Mazishi yakapangwa baada ya wiki tatu, maana hapa hata marehemu ana foleni. Wiki tatu za kufikiri ni nyingi mno. Nilikwenda ofisini kwa mkuu wa nyumba nikamweleza ahadi yangu. Akazipanga kalamu. Akasema ni jambo la kugusa moyo sana, na kwamba pengine lingefaa zaidi baadaye, wakati wa chai, kwa maneno machache. Alisema kuna kufikiria familia. Familia ilikuwa mtu mmoja, yule mdogo wake wa kike, bibi wa miaka themanini na zaidi aliyeishi peke yake upande wa pili wa jiji. Alikuwa akija Jumapili ya kwanza ya mwezi, koti limefungwa vifungo vyote, anakaa na kaka yake saa moja, anaondoka. Mimi alinisalimia kwa kichwa. Wakati wote sikuwahi kumwona akicheka, na siku ile ya uma kugota alikuwepo mezani, akala mpaka akamaliza bila kuinua macho.

Kwa hiyo nilikuwa na karatasi yenye saini yangu, mkuu wa nyumba anayetaka chai, na bibi mwenye vifungo. Nyumbani nilikuwa na binti yangu, ambaye alizaliwa hapa, anasikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza chote. Alinikuta nimesimama mbele ya kioo nimevaa kofia ya kijivu kinyumenyume, nimeshika ufagio kama fremu aliyotembelea Padri chumbani, najifunza kuburuta mguu wa kushoto.

"Mum," akasema. "No."

"Niliahidi."

"They'll sack you. Serious. And his sister will cry."

"Jamaa kulia ni kazi yake," nikasema, lakini jioni ile nilipika wali nikausahau jikoni ukaungua. Kazi ile ndiyo inayolipa chumba chake na shule yake. Na kama yule bibi ataumia kweli? Utani bila mtu wa kuuelewa ni tusi tu. Padri alikosea kwa kuingilia msiba wa watu asioujua, na mimi nilikuwa najiandaa kufanya hivyo hivyo, kwa upande wa pili.

Siku yenyewe hali ya hewa haikumsaidia mtu. Mvua nyembamba ile ya Birmingham, isiyonyesha wala kuacha. Misa ilikuwa nzuri. Walimsifu kwa miaka yake arobaini ya utume, shule alizojenga, visima. Mtu aliyekuwa akisifiwa simjui. Yule niliyemjua mimi alikuwa akificha biskuti kwenye kitabu cha sala.

Makaburini tulikuwa kama thelathini. Wazikaji waliovaa makoti meusi walilishusha jeneza kutoka garini, wakaliweka juu ya mbao mbili zilizokatiza kaburi. Mkuu wa nyumba akasoma, akanyunyiza maji ya baraka, akafunga kitabu. Kikaja kimya. Kilikuwa kimya kizuri, cha heshima, kila mtu ameinamisha kichwa. Nilisikia matone kwenye miavuli. Wazikaji wakainama kushika kamba.

Sijui miguu yangu iliamuliwa na nani. Nilijikuta nimesimama ukingoni mwa kaburi, nimeshavaa kofia kinyumenyume.

"Subirini," nikasema kwa Kiingereza. "Huyu hashuki."

Wazikaji wakaacha kamba. Nikaanza kutembea. Nikaburuta mguu, nikasukuma fremu isiyokuwepo, nikasimama kila hatua ya tatu kupumua na kulaumu uji. Nikatafuta miwani iliyoko usoni. Nikaficha biskuti kwapani, nikatazama huku na huku. Nikamwambia, kwa Kiingereza cha kusikika mpaka barabarani: mvivu wewe! Mla nyani wewe! Umekufa siku ya kuoga ili nisikuoshe! Umekula nyani wa Zambia wakaisha, ukaja kumaliza biskuti za Uingereza, sasa unakimbilia wapi?

Hakuna aliyecheka. Mama wa mkufu wa lulu alikuwepo, ameziba mdomo. Mkuu wa nyumba alikuwa amefumba macho. Binti yangu, aliyekuja kunisindikiza, alikuwa anachunguza viatu vyake. Nikaendelea, nikamwiga anavyosalimia maduka ya Coventry Road, na nikaona wazi kwamba nimeishiwa. Mtani ana mwisho wake. Anafika mahali hawezi kuendelea mpaka ajibiwe, na mimi nilikuwa nimefika hapo, nimelowa, na kofia ya mtu kichwani.

"Hashuki," nikasema tena, kwa sauti ndogo, "mpaka jamaa zake wanijibu."

Matone yakaendelea kwenye miavuli. Kisha nikasikia fimbo kwenye changarawe. Yule bibi alikuwa ametoka mstari wa mbele, anakuja, koti na vifungo vyake vyote. Alisimama upande wa pili wa jeneza la kaka yake, akanitazama usoni. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Nikajua ndiyo imekwisha, nimemuumiza.

"Ondoka hapo, mla panya," akasema, kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa ya mwalimu wa shule. "Mwache kaka yangu apite."

Halafu padri mmoja mzee aliyetumikia Malawi, kwenye kiti cha magurudumu nyuma huko, akaangua kicheko, akafuata mwingine, na mwingine, wale waliojua. Wasiojua wakacheka kwa sababu wanaojua wanacheka. Mzikaji mmoja aligeuka akatazama mti kwa muda mrefu. Nami nikapiga hatua tatu nyuma, kama inavyotakiwa, nikavua kofia, nikasema kapite basi, mla nyani. Jeneza likashuka katikati ya kelele.

Kwenye chai nilikaa pembeni, nikisubiri hatua zichukuliwe. Mkuu wa nyumba alinijia na sahani ya keki. Alisema fomu zipo, ila leo ofisi imefungwa, na macho yake yalikuwa mekundu. Kisha yule bibi akaja akaketi karibu nami. Akafungua kifungo cha juu cha koti. Aliniambia kwamba kaka yake alimwandikia barua kila mwezi miaka yote ile, na hadithi ya mwanamke wa kaburini alimwandikia wiki ile ile aliyotoka kumwomba radhi, na mwisho wa barua alimweleza kanuni: mtani akija, jamaa lazima wamjibu, la sivyo anabaki amesimama peke yake.

"Aliniandikia na maneno ya kujibu," akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nimeyakariri tangu wakati ule. Siku zote niliogopa kwamba siku itafika, na hatatokea mtu wa kumwambia."

Sikumwambia kwamba mtani halii. Nilikuwa nimeshachelewa.